Dawa ya Korona kwa Kiungo Kipi?

Tangu mwaka 2020, swali ambalo sisi wafamasia wa hospitali tumeulizwa kuliko mengine yote kuhusu UVIKO-19 ni lile la dawa yake ni ipi. Ni swali la haki, kwa maana malaria ina dawa yake ya mseto na kifua kikuu kina vidonge vyake vya miezi sita, na mtu hutarajia kwamba ugonjwa wenye jina moja utakuwa na dawa moja. Kwa UVIKO-19 mambo hayakwenda hivyo. Kirusi ni kimoja, lakini mtu ambaye kirusi bado kimo puani na kooni mwake, mtu ambaye mapafu yake yamevimba hata yakashindwa kupitisha oksijeni, mtu ambaye damu inaganda ndani ya mishipa yake, na mtu ambaye figo zake zilikuwa mbovu hata kabla ya kuambukizwa, hao kidawa ni wagonjwa wanne tofauti, na dawa inayomwokoa mmoja yaweza isimsaidie mwingine, au hata ikamdhuru. Wengi wanaukumbuka wakati ule kama wakati wa dawa zilizosifiwa asubuhi na kukataliwa jioni. Mimi nadhani nyuma ya vurugu hizo kulikuwa na hoja moja yenye maana, nayo ni kwamba dawa ya maambukizi haya haiwezi kuchaguliwa bila kujua ni kiungo kipi kimeguswa, na kimeguswa kwa namna gani.

Nianze na klorokwini, ambayo watu wa rika langu tunaijua kwa uchungu wake na kwa mwasho uliowafanya baadhi yetu kukesha tukijikuna. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, baada ya vimelea kuizoea. Mapema mwaka 2020 ikarudi midomoni mwa watu, kwa sababu majaribio ya maabara yalionyesha kwamba yenyewe pamoja na ndugu yake haidroksiklorokwini zinakizuia kirusi kipya kuingia katika seli. Majaribio hayo hayakuwa ya uongo. Tatizo lilikuwa katika seli zilizotumiwa, ambazo zilikuwa hasa seli za Vero, zilizoanzishwa nchini Japani mwaka 1962 kutokana na figo ya tumbili wa Afrika. Wataalamu wa virusi huzipenda seli hizi kwa sababu virusi vya aina nyingi huzaliana ndani yake bila shida. Lakini zilikuwa seli za figo, tena za mnyama, na zikatumika kujibu swali lililohusu mapafu ya binadamu.

Ili kuelewa tofauti hiyo ilivyoamua mambo, ni lazima kujua kirusi kinavyoingia. Protini ya mwiba iliyo juu yake hushika kipokezi kiitwacho ACE2, kilichopo kwenye seli za njia ya hewa, mapafu, utumbo, figo, moyo na kwingineko. Kushika peke yake hakutoshi, kwani mwiba huo unapaswa kukatwa na kimeng'enya cha mwili wetu wenyewe ndipo utando wa kirusi uungane na utando wa seli. Ukataji huo unaweza kufanyika mahali pawili. Kwenye seli zenye kimeng'enya cha TMPRSS2, mwiba hukatwa pale pale juu ya seli na kirusi kikaingia moja kwa moja. Pale ambapo TMPRSS2 haipo au ni haba, seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko kidogo, asidi ya kifuko hicho huongezeka, na kimeng'enya kingine, kathepsini L, ambacho hufanya kazi penye asidi, ndicho hukata. Klorokwini hupunguza asidi ya vifuko hivyo. Seli za Vero hazina TMPRSS2 ya kutosha, kwa hiyo kirusi hakikuwa na budi kupitia kwenye vifuko, na klorokwini ikaonekana kuwa dawa ya ajabu. Mnamo Julai 2020 Markus Hoffmann, Stefan Pöhlmann na wenzao wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha katika jarida la Nature majaribio waliyoyafanya kwa seli za Calu-3, ambazo asili yake ni mapafu ya binadamu na ambazo zina TMPRSS2, na humo klorokwini haikukizuia kirusi. Kwa lugha ya nyumbani, dawa ilikuwa inafunga mlango wa uani wakati mgeni amekwisha kuingia kwa mlango wa mbele.

Kufikia hapo, jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY lilikuwa limekwisha kuisimamisha haidroksiklorokwini, tangu Juni 2020. Matokeo yake kamili yalionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa 1,561 waliopewa dawa hiyo hospitalini, asilimia 27.0 walifariki ndani ya siku 28, ikilinganishwa na asilimia 25.0 ya wagonjwa 3,155 waliopata huduma ya kawaida. Dawa haikuyasaidia mapafu, na wakati huo huo ilikuwa na gharama kwa kiungo kingine kabisa, kwa sababu haidroksiklorokwini, hasa ikitolewa pamoja na azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, huweza kuvuruga umeme wa moyo na kusababisha mapigo ya hatari. Nasikitika kusema kwamba mchanganyiko huo wa dawa mbili ndio uliotafutwa sana madukani.

Mtu angeweza kufikiri kwamba ufumbuzi basi ni mwepesi: kama mapafu yanatumia TMPRSS2, na tukizuie kimeng'enya hicho. Dawa ya kufanya hivyo ilikuwepo, kamostati, iliyotumiwa kwa miaka mingi nchini Japani kwa wagonjwa wenye uvimbe sugu wa kongosho, na katika seli za mapafu ilifanya kazi vizuri. Nchini Denmark ilijaribiwa kwa wagonjwa 205 waliolazwa, miligramu 200 mara tatu kwa siku kwa siku 5, na haikuharakisha kupona kwao wala kupunguza vifo. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe na subira, kwa sababu jambo hili huwakatisha tamaa wengi. Kiungo kilikuwa sahihi na njia ya kirusi ilikuwa sahihi, ila mgonjwa anayelazwa kwa UVIKO-19 kwa kawaida ameugua kwa siku kadhaa, na kwa wakati huo kinachomtesa zaidi si kuzaliana kwa kirusi bali hasira ya kinga yake mwenyewe. Aidha, kamostati humeng'enywa haraka sana ikiingia kwenye damu, na kiasi kinachofika pafuni hakiwi sawa na kile kilichomiminwa kwenye sahani ya maabara.

Kirusi chenyewe nacho hakikutulia. Aina ya Omicron, iliyotangazwa na wataalamu wa Afrika Kusini na Botswana mnamo Novemba 2021, ilibadili makazi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong waliijaribu kwenye vipande vya tishu za binadamu na kuona kwamba ndani ya saa 24 ilizaliana katika njia kubwa za hewa takriban mara 70 zaidi ya Delta, aina iliyoitangulia, lakini ndani ya tishu za mapafu ilizaliana kwa kiwango kilichokuwa chini ya kile cha kirusi cha awali kwa zaidi ya mara 10. Kundi la Ravindra Gupta wa Cambridge lilieleza kwamba Omicron haitegemei sana TMPRSS2 kama ndugu zake waliotangulia. Pengine ndiyo sababu mojawapo ya mapafu kuathirika kidogo zaidi katika wimbi lile, ingawa chanjo na kinga ya maambukizi ya awali zilikuwa na mchango wao. Kwa maneno mengine, ramani ya viungo tunayoitumia kuchagua dawa si ya kudumu.

Wapo wanaojaribu kuitengeneza ramani hiyo kabla mgonjwa hajafika wodini. Mwaka 2020 Núria Montserrat wa Barcelona, Josef Penninger na wenzao walikuza kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingi, vijiungo vidogo vinavyofanana na figo na mishipa ya damu, wakaonyesha kwamba kirusi huviambukiza, na kwamba ACE2 iliyotengenezwa maabara ikielea nje ya seli hukinasa kirusi na kupunguza maambukizi hayo. Mwaka huo huo kundi la Shuibing Chen wa Weill Cornell, New York, lilipima dawa zilizokwisha kuidhinishwa kwa magonjwa mengine kwa kutumia vijiungo vya mapafu na vya utumbo mpana kwa pamoja. Naipenda njia hii kwa sababu inauliza swali la kiungo mapema. Hata hivyo, kijiungo cha maabara hakina damu inayozunguka, hakina kinga ya mwili, na hakina ini linaloibomoa dawa kabla haijafika, na mambo hayo matatu ndiyo yaliyoamua sehemu kubwa ya matibabu ya UVIKO-19.

Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua ni wa deksamethazoni, steroidi ya bei nafuu inayopatikana karibu kila hospitali ya wilaya. Tarehe 16 Juni 2020 waongozaji wa RECOVERY, Peter Horby na Martin Landray wa Oxford, walitangaza kwamba dawa hiyo inapunguza vifo. Magazeti yalibeba kichwa cha habari na kuacha sehemu yenye faida kubwa zaidi. Wagonjwa 2,104 walipewa miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, na 4,321 walipata huduma ya kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 29.3 kwa waliopata dawa na asilimia 41.4 kwa wasioipata. Kwa waliokuwa wanahitaji oksijeni bila mashine, vilikuwa 23.3 dhidi ya 26.2. Kwa wale ambao mapafu yao yalikuwa bado yanajimudu bila oksijeni, mambo yaligeuka: asilimia 17.8 ya waliopewa dawa walifariki, na asilimia 14.0 ya wasiopewa. Tofauti hiyo ya mwisho haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha madhara, lakini hakuna mtu anayeweza kuiita faida.

Dawa ile ile, dozi ile ile, hospitali zile zile, na kilichotofautisha ni hali ya pafu. Maelezo yake yanaeleweka. Pafu linapokosa kupitisha oksijeni, mara nyingi ni kwa sababu kinga imefurika ndani yake na kuacha majimaji na uvimbe kwenye vifuko vya hewa, na steroidi huituliza kinga hiyo. Kabla ya hapo, kinga hiyo hiyo ndiyo inayopambana na kirusi, na kuituliza mapema ni kumwondoa askari zamu kabla mwizi hajakamatwa. Kwa hiyo kipimo muhimu kuliko vyote cha kuamua kama mgonjwa apewe deksamethazoni ni kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu. Anayekwenda duka la dawa kununua steroidi kwa kikohozi cha siku mbili, na bila kupimwa, anajiweka katika kundi la tatu la jaribio lile.

Steroidi pia haiishii pafuni. Hupandisha sukari ya damu, na kwa mwenye kisukari yaweza kuipandisha mno. India iliona matokeo yake mwaka 2021, pale maelfu ya watu waliougua UVIKO-19, wengi wao wenye kisukari na waliopewa steroidi, waliposhambuliwa na kuvu wa mucormycosis, wanaokula tishu za pua na macho hadi ubongo. Kwetu kuna tahadhari nyingine isiyozungumzwa vya kutosha. Minyoo aina ya Strongyloides, inayoingia kwa kupenya ngozi ya miguu, huweza kuishi kimya utumboni kwa miaka mingi, na mwenyeji wao akipewa steroidi huweza kuzaliana kwa wingi na kutawanyika hadi mapafuni na kwenye ubongo, hali ambayo mara nyingi huua. Ndiyo sababu katika maeneo yenye minyoo hiyo hupendekezwa kufikiria kumpa mgonjwa ivermektini anapoanza steroidi. Wapo walioisifu ivermektini kuwa dawa ya korona yenyewe, lakini huo ndio mchango wake ninaoweza kuutetea katika wodi ya korona: kazi yake ya siku zote, ambayo ni minyoo.

Njia nyingine ya kuilenga dawa ni kuipeleka moja kwa moja kwenye kiungo. Budesonidi, steroidi ya kuvuta kwa mdomo wanayoijua wagonjwa wa pumu, ilijaribiwa Uingereza katika jaribio la PRINCIPLE kwa watu wenye umri mkubwa waliougulia nyumbani, na ikapunguza muda wa kujisikia wamepona kwa takriban siku 3. Si muujiza, lakini dawa iliyofika njia ya hewa bila kupitia kwenye damu yote ina madhara machache.

Damu nayo ilitufundisha kwa namna ya kushangaza. Baada ya kuonekana kwamba UVIKO-19 husababisha mabonge ya damu kwenye mapafu, moyo na ubongo, madaktari wengi walidhani kwamba mgonjwa aliye hoi zaidi ndiye anayehitaji heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nyingi zaidi. Majaribio makubwa yaliyounganishwa na kuchapishwa Agosti 2021 katika New England Journal of Medicine yalionyesha kinyume. Waliolazwa lakini hawajafikia hali mahututi walinufaika na dozi kamili ya heparini, kwa kuwa wengi zaidi kati yao walifika siku ya kuruhusiwa bila kuhitaji msaada wa mashine. Wagonjwa mahututi hawakunufaika, na waliongezewa tu hatari ya kuvuja damu. Inaelekea kwamba mabonge yakishajaa kwenye mishipa midogo ya pafu lililoharibika, kuzuia mapya hakurudishi kilichokwisha kupotea.

Kwa upande wa moyo na mishipa, hofu kubwa ilikuwa juu ya dawa za presha kama enalaprili na losartani. Kwa kuwa zinagusa mfumo ule ule ambamo ACE2 imo, zilizuka tetesi kwamba zinakifungulia kirusi njia, na baadhi ya watu wakaziacha. Nchini Brazil, jaribio la BRACE CORONA liliwagawa wagonjwa 659 waliolazwa, baadhi wakaendelea na dawa hizo na wengine wakasimamisha kwa siku 30. Siku walizoishi nje ya hospitali hazikutofautiana kwa maana yoyote. Mwenye presha asiache dawa zake kwa sababu ya korona.

Sasa nije kwenye viungo viwili ambavyo mfamasia huviwaza hata wakati daktari anawaza mapafu, yaani figo na ini, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua dawa itakaa mwilini kiasi gani. Paxlovid, ambayo katika jaribio lake kwa watu walio katika hatari kubwa ilipunguza kulazwa au kufa kwa karibu asilimia 90, ni vidonge vya dawa mbili. Nirmatrelviri ndiyo inayokizuia kirusi kuzaliana, na ritonaviri, ambayo watoa huduma wa VVU wanaijua kwa muda mrefu, huwekwa ili kulizuia ini lisiibomoe ya kwanza upesi. Kwa kuwa nirmatrelviri hutolewa na figo, mgonjwa ambaye figo zake zimepungua nguvu kwa kiasi cha kati hupewa nusu ya dozi yake, miligramu 150 badala ya 300. Mwenye ugonjwa mkali wa ini haipendekezwi kwake.

Ritonaviri inapoifunga kazi ya ini, haichagui. Amlodipini ya presha hupanda kwenye damu, simvastatini ya mafuta inapaswa kusimamishwa, na dawa ya aliyepandikizwa figo yaweza kufikia kiwango cha sumu. Kwa upande wa pili kuna dawa zinazolichochea ini hadi Paxlovid nzima ikose nguvu, nazo ni pamoja na karbamazepini na fenitoini za kifafa, na rifampisini ya kifua kikuu. Hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi. Mgonjwa wa kifua kikuu hawezi kuacha rifampisini, na hata akiiacha, ini lake hubaki limechochewa kwa takriban wiki mbili, wakati Paxlovid inapaswa kuanza ndani ya siku 5 za dalili. Kwa mgonjwa huyo, mwenye mapafu yaliyokwisha kudhoofika na ambaye angehitaji dawa hiyo kuliko wengi, Paxlovid haitumiki.

Kimbilio lake laweza kuwa remdesiviri, dawa yenye historia katika ukanda wetu. Ilijaribiwa dhidi ya Ebola mashariki mwa Kongo mwaka 2018 na 2019, ikashindwa na dawa mbili za kingamwili, mojawapo ikiwa ile iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya mji wa Kikwit, Kongo, ya mwaka 1995, katika kazi iliyomhusisha Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo. Remdesiviri haimezwi, kwa sababu ini lingeimaliza kabla haijaufikia mwili mwingine, kwa hiyo hutolewa kwa dripu. Kwa muda mrefu haikushauriwa kwa wenye figo zilizofeli, sababu ikiwa ni hofu ya kiambato kinachoiyeyusha ambacho hurundikana figo zisipofanya kazi, hadi Julai 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliporuhusu itumike kwao bila kupunguza dozi. Hata yenyewe haishauriwi kuchanganywa na rifampisini pasipo kufikiria sana.

Yote haya yanahitaji vipimo. Utafiti wa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, uliochapishwa katika Lancet Mei 2021, ulikuta kwamba asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30, na kwamba wenye kisukari, VVU, ugonjwa sugu wa ini au wa figo walikuwa katika hatari zaidi. Hao ndio hasa ambao dawa zao zinapaswa kupimwa kwa viungo vyao. Karatasi ya dawa inapofika famasia ikiwa imeandikwa jina la dawa na "UVIKO-19" tu, sisi wafamasia huirudisha wodini na kuomba mambo manne: kiwango cha oksijeni bila msaada, siku ya kwanza ya dalili, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na sukari ya damu, na orodha ya dawa zote anazomeza mgonjwa, zikiwemo zile za mitishamba. Kreatinini ndiyo huchelewa zaidi, hasa mwisho wa juma, na mara nyingi deksamethazoni na heparini ya dozi ndogo ya kuzuia mabonge hutangulia wakati tunaisubiri, ila Paxlovid hubaki kabatini mpaka jibu lije.